Bangili ya Mdhamini

1

Siku Tumpe alipowekewa punje, mama yake hakuruhusiwa kuingia chumbani. Subilaga alikaa kwenye benchi la nje ya zahanati pale Tukuyu, mvua ikipiga bati juu ya kichwa chake, mikono ameifumbata mapajani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Muuguzi alichoma ganzi nyuma ya sikio, akapenyeza chini ya ngozi kitu chenye ukubwa wa punje ya ulezi, akabandika plasta, basi. Binti akatoka akitabasamu upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa bado umekufa ganzi.

Bila punje hiyo chuo kisingempokea. Tumpe alikuwa amewashinda wote mkoani katika hesabu, na chuo cha uhandisi wa maji kule Mtera kilikwisha kumpa nafasi. Lakini baba yake alikuwa ameugua akili, na sheria ilimtaka kila mwanafunzi mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua hivyo awe na kitulizo, na awe na mdhamini. Kitulizo ndilo jina la serikalini. Mitaani watu walisema tu "yule ana punje", wakashusha sauti.

Mdhamini alikuwa Subilaga. Muuguzi alimvisha bangili ya kijivu mkono wa kushoto, akaibana mpaka ikashika ngozi, akamweleza kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi. Bangili ikiwa ya baridi, binti ametulia. Ikipata joto, moyo wake umechemka. Ikitetemeka, usingizi umemkimbia na mawazo yameanza kwenda mbio. Punje husikiliza umeme wa ubongo na kuupeleka kwenye bangili popote mdhamini alipo, hata akiwa nchi nyingine.

"Na ukiona imezidi, unabonyeza hapa kwa kidole gumba, unashikilia mpaka ipoe," muuguzi alisema. "Punje itamtuliza. Yeye hatahisi kitu. Ataona tu amechoka, atalala, ataamka mzima."

"Hatajua?"

"Hatajua, labda umwambie."

Walirudi nyumbani kwa miguu chini ya mwavuli mmoja. Njiani Tumpe aliushika mkono wa mama yake, akaigusa ile bangili kwa ncha ya kidole, akauliza inasemaje. Subilaga akamjibu kwamba ina uvuguvugu. Tumpe akasema kweli, ana wasiwasi kidogo, na wote wawili wakacheka, ingawa hakuna aliyeona jambo la kuchekesha.

2

Ambakisye, baba yake Tumpe, alikuwa amekaa kibarazani walipofika. Alikaa hapo kila siku, kwenye kiti cha mbao, na alipoambiwa aingie ndani aliingia.

Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kusikia anachoweza kukitoa katika vifua vya wakulima wa chai. Kisha usingizi ukamhama. Alitunga nyimbo usiku na mchana, akaziandika kwa mkaa kwenye kuta za nyumba, na siku moja akapanda mnara wa kanisa kwa sababu kengele, alivyosema, ilikuwa ikimwita kwa jina. Wanaume walimshusha kwa kamba. Tumpe alikuwa mdogo, amebebwa mgongoni, hakumbuki.

Miaka hiyo kitulizo kilikuwa kipya, na kilijiamulia chenyewe. Hakikuwa na bangili wala mdhamini. Punje ilisikiliza, ikapima, ikatuliza. Ambakisye aliacha kupanda minara. Aliacha pia kuimba, lakini watu waliona hiyo ni bei nafuu. Mama yake mzazi alipofariki, alikaa mbele ya jeneza macho makavu, akikunja na kukunjua kitambaa cha mezani. Ndipo Subilaga alipoelewa. Mashine haikuweza kutofautisha msiba na ugonjwa. Ilichojua ni kwamba mtu ameumia kupita kiasi, ikamzimia maumivu yake kama mtu anavyozima taa.

Misiba ya namna hiyo ilikuwa mingi nchini. Wajane hawakulia. Vijana waliopendana waliamka asubuhi wakawa hawaoni sababu ya kuoana. Watu wakaja juu, na sheria ikabadilishwa: mashine isiamue tena, aamue mtu anayemjua mgonjwa kwa sura na kwa tabia, mtu wa nyumbani kwake. Kwa walioanza zamani sheria hiyo ilichelewa kwa namna isiyotengenezeka, kwani mwaka ukipita nyama na mishipa huizunguka punje, na kuitoa ni kumharibu aliyenayo. Ambakisye alibaki na yake.

Jioni hiyo, wakimenya ndizi jikoni, Tumpe aliweka kisu chini.

"Mama, nataka uniahidi kitu. Usibonyeze kabla hujaniuliza."

Subilaga alimuuliza itakuwaje akifika mahali asiweze kujibu.

"Nikishindwa kabisa kujibu, fanya unavyoona. Lakini nikiwa bado naweza kusema hapana, basi hapana yangu iwe hapana." Alitazama kibarazani, ambako bega la baba yake lilionekana mlangoni. "Sitaki kuwa vile. Bora niugue."

Subilaga alitaka kumwambia kwamba hajui anachokisema, kwamba haikumbuki siku ya zile kamba. Badala yake alimwahidi. Na wakati ule alikuwa anamaanisha.

3

Miezi ya kwanza bangili ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Subilaga alikaa kwenye mashine yake ya kufuma, akitengeneza masweta ya shule, na kila alipogeuza uzi aliigusa bangili. Akajua bila kuambiwa siku ambazo Tumpe alikuwa na mtihani, siku aliyogombana na mwenzake wa chumbani, siku alizofurahi. Ilikuwa kama kumbeba tena. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini aliipenda.

Muhula wa pili joto likaja. Halikuwa kali mwanzoni. Tumpe alipiga simu, uso wake ukajaa kwenye kioo, akaeleza jambo lililokuwa likimfurahisha: alikuwa amegundua kwamba bomba linalovuja lina sauti yake, na mtu mwenye sikio zuri anaweza kuijua sehemu iliyopasuka bila kuchimba. Walimu wake walikuwa wamelisikiliza wazo hilo, na mmoja alikuwa amempa funguo za maabara. Subilaga alijivuna. Aliwasimulia majirani.

Wiki iliyofuata bangili ilianza kutetemeka, na ikatetemeka siku nzima na kesho yake. Subilaga akapiga simu asubuhi, kabla hata ya kuwasha mashine. Tumpe alikuwa amekaa sakafuni kwenye ujia wa bweni, mgongo ukutani, nywele hazijachanwa. Aliongea haraka, maneno yakipandana. Alisema sasa hahitaji hata kifaa, anaweka tu sikio. Alisema mabomba ya bweni yamejua kwamba anayasikiliza. Yalikuwa yamelitaja jina lake.

Subilaga alivuta kiti. Aliketi.

"Tumpe, mwanangu, umelala lini?"

"Nitalala. Kwanza nimalize."

"Nibonyeze?"

Binti alimtazama moja kwa moja. Macho yake yalikuwa maangavu, na sauti yake, aliposema neno lile, ilikuwa tulivu na ya mtu mwenye akili zake.

"Hapana, mama. Sijawahi kuwa salama kama leo."

Waliagana. Subilaga alitoka, akasimama uani, akarudi ndani. Ambakisye alikuwa kwenye kiti chake. Alimtazama mume wake muda mrefu, akiona mambo mawili kwa pamoja: mtu aliyeko juu ya mnara, na mtu aliyeko kwenye kiti. Hakukuwa na wa tatu wa kumchagulia mwanawe. Bangili ilitetemeka kama kitu kilicho hai kinachotaka kutoka. Aliweka kidole gumba, akafumba macho, akashikilia mpaka ikapoa.

Kesho yake Tumpe alipiga mwenyewe. Alikuwa amelala sana, ameoga, amesuka. Alicheka kwa aibu kidogo. "Imepita yenyewe, mama. Nilikuwa nimechoka tu. Umeona? Hukuhitaji kufanya kitu."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kumwambia. Subilaga alifungua mdomo, akamwuliza kama kule kuna baridi.

Alibonyeza tena kabla ya mitihani, bangili ilipotetemeka. Akabonyeza mara nyingine, ilipopata joto tu, kwa sababu hakutaka kungoja itetemeke. Kila mara Tumpe aliamka mzima, na kila mara alimsifu mama yake kwa kumwacha apambane mwenyewe. Wazo la mabomba lilikuwa limekwama. Alisema limempotea mkononi kidogo, atalishika tena likizo.

Kisha kulikuwa na Erasto. Alikuwa kijana wa mwaka wa tatu, na Tumpe alimtaja kwanza kwa kupitapita, baadaye kila simu. Mwishoni mwa muhula Erasto alimwacha. Tumpe alipiga simu akilia mpaka maneno hayakueleweka, na bangili ikawa ya moto, lakini haikutetemeka. Muuguzi alikuwa ameeleza tofauti hiyo vizuri, na Subilaga aliikumbuka. Binti hakuwa mgonjwa. Alikuwa binti aliyeachwa. Subilaga mwenyewe alikwisha kulia hivyo, zamani, na alijua kwamba kilio hicho kina mwisho wake.

Lakini mtoto alikuwa mbali, analia peke yake, na dawa ilikuwa mkononi mwa mama yake. Alibonyeza. Kilio kikafifia simu ikiwa bado wazi. Tumpe alijifuta uso, akasema anaona usingizi, akasema kwaheri.

Baada ya hapo hakumtaja Erasto tena, kwa wema wala kwa ubaya.

4

Mwaka ulipokaribia kwisha walikwenda Mbeya, kwa Daktari Kibona, aliyesimamia vitulizo vya mkoa. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza bila kutulizwa aliweza kutolewa punje kabla mwili haujaizoea, na kuishi huru kama wengine. Tumpe alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kwenye treni aliongea njia nzima: punje ikishatoka ataomba kwenda kusoma nje, na mama sasa alale usingizi, imeonekana wazi kwamba hakurithi kitu.

Subilaga alikuwa amelifikiria jambo hili majuma mengi. Aliposhuka treni alikuwa ameamua kudanganya.

Haikuwa vigumu. Punje haikuweka kumbukumbu ya kubonyezwa. Watunga sheria waliogopa waajiri wangezitafuta kumbukumbu hizo na kuwanyima watu kazi. Kwa hiyo ushahidi wote ulikuwa kinywa cha mdhamini. Angesema hakubonyeza, na mwanawe angetoka pale akiwa na kichwa juu. Labda ni kweli hakurithi kitu. Labda zile siku za mabomba zingepita zenyewe. Subilaga alijaribu kuliamini hilo, na akaona kwamba hawezi kujua, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeiharibu njia ya kujua.

Daktari Kibona alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kikohozi. Alimuuliza Tumpe maswali yake, akaridhika, akamgeukia mama.

"Mama Tumpe, nakuuliza kwa mujibu wa sheria. Tangu awekewe punje, umewahi kubonyeza?"

Tumpe alikuwa amekwisha kuanza kufungua kilemba chake, ili sikio lipatikane.

Subilaga aliona kidole cha binti yake kikigusa mahali pale nyuma ya sikio. Aliwaza mabomba yakiita jina, safari hii mtoto akiwa nje ya nchi, hana punje, hana mtu, na ana hakika kamili kwamba yeye ni mzima kwa sababu mama yake alisema hivyo.

"Nimebonyeza," alisema.

Daktari alikohoa, akauliza ni mara ngapi. Subilaga akasema nyingi, zingine za lazima, zingine hajui. Tumpe hakulia wala kupandisha sauti. Alikifunga tena kilemba, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo.

"Zile siku za mabomba?"

"Ndiyo."

"Nilikuambia hapana."

"Uliniambia."

"Na kwenye mitihani." Alingoja, akaona jibu usoni. Alikuwa akirudi nyuma mwaka mzima, siku baada ya siku, akiangalia ipi ilikuwa yake. "Na Erasto?"

Subilaga alitikisa kichwa kukubali.

"Pale sikuwa mgonjwa, mama."

"Najua."

"Ulijua wakati ule?"

"Nilijua."

Daktari Kibona alieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Hawezi kuitoa punje. Tumpe akiitoa kwingine kwa siri, chuo kitamfukuza. Kilichopo ni kuendelea nayo, na kwa umri wake sasa ana haki ya kuchagua mdhamini mwingine. Akauliza kama yupo ndugu, shangazi labda, anayemwamini.

Tumpe alisema hataki ndugu. Alichagua matroni wa bweni, Bi Hosiana, ambaye alikuwa hajawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Daktari alipomuuliza kwa nini mgeni, alijibu bila kumtazama mama yake kwamba mgeni hana sababu ya kumwonea huruma.

Bangili ilikatwa palepale. Chini yake ngozi ya Subilaga ilikuwa imepauka na kusinyaa.

5

Mwaka wa pili Tumpe hakupiga simu. Subilaga alipopiga, alipokewa kwa heshima: akaamkiwa shikamoo, akaulizwa kama baba hajambo, akaambiwa masomo yanaendelea. Ilimbidi afanye kama akina mama wa zamani, kuuliza na kuamini jibu. Usiku alijikuta amekishika kifundo cha mkono wake mtupu. Masweta yake ya mwaka ule yalitoka na mishono iliyoruka, na mwalimu mkuu mmoja akamrudishia mzigo mzima. Aliufumua, akaanza upya.

Kiangazi kilikuwa kimeanza simu ilipolia mchana. Uso wa Tumpe ulikuwa umekonda.

"Mama, silali. Mabomba yameanza tena. Bi Hosiana anasema bangili yake inatetemeka, anataka kubonyeza. Nimemwambia angoje mpaka ufike." Alisogeza uso karibu na kioo. "Yeye hanijui. Nataka mtu anitazame."

Subilaga alimwacha Ambakisye kwa jirani, akapanda treni ya kwanza. Alimkuta binti yake kwenye chumba cha matroni, amekaa kitandani, magoti yamekutana. Bi Hosiana alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mkimya, aliyesimama dirishani na bangili ya kijivu mkononi. Alimwamkia mgeni, akampisha kiti.

Tumpe alikuwa ameujaza ukuta michoro. Subilaga aliiangalia, na hakuelewa hata mmoja, ila aliona kwamba mistari ya mwanzo ilikuwa imenyooka na ya mwisho ilikuwa imekaza mpaka karatasi imechanika. Alikaa akamtazama mwanawe, bila kitu mkononi cha kumsaidia. Aliangalia macho, midomo iliyopasuka, vidole visivyotulia. Alitaka sana kuona binti aliyechoka tu.

"Unanionaje?" Tumpe aliuliza.

"Unaumwa, mwanangu."

"Si kama wakati wa Erasto?"

"Si kama wakati wa Erasto."

Tumpe aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. Akasema anajua, alitaka tu asikie kwa mtu ambaye safari hii hakuwa na cha kumficha. Akasema anaogopa kwamba akilala ataamka hana tena kile anachokikaribia, maana mara ile alikuwa amekikaribia hivihivi, kikapotea. Aliomba amweleze mama yake kwanza, ili angalau kiwe kimesemwa kwa mtu. Subilaga akamwambia hana elimu hiyo, hataelewa. Tumpe akasema haidhuru. Kisha akamgeukia matroni, akampa ruhusa mwenyewe, kwa kinywa chake: abonyeze, yeye atakuwa anaongea.

Bi Hosiana aliweka kidole gumba.

Mwaka mzima Subilaga alikuwa amefanya hivyo akiwa mbali, macho amefumba. Hakuwahi kuona. Sasa alikuwa amemshika Tumpe mikono yote miwili, na Tumpe alikuwa akimweleza kuhusu maji, kwamba yakipita penye ufa yanafanya mlio wa aina mbili, mmoja wa ufa na mwingine wa udongo ulio nje, na kwamba watu wote wamekuwa wakiusikiliza ule wa kwanza, kumbe ukiutoa ule wa kwanza ukabaki na wa pili, unapata umbali, unapata hata upana, kwa sababu udongo, mama, udongo una

Alinyamaza. Vidole vilivyokuwa vikichezacheza ndani ya viganja vya mama yake vililegea kimoja kimoja. Uso wake ulilainika, ukawa mzuri, ukawa kama wa mtu yeyote. Alitazama ukuta uliojaa michoro kwa udadisi kidogo, kama kitu alichokikuta pale, kisha akamtazama mama yake.

"Safari ni ndefu," alisema. "Umekula?"